Nani Atalimbua Embe za Mwaka Huu

Mpendwa mama, mzazi wa mume wangu, ambaye nimekaa nawe nyumba moja miaka kumi na minne bila kulitamka jina lako,

Embe zimekuja. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuuliza habari za mwanao na wajukuu. Bado ni kijani na ngumu, kokwa yake laini, kisu cha jikoni kinaikata bila kelele. Kusi limekata na jasho limerudi. Ile leso uliyokuwa ukijitanda mabegani asubuhi kwa baridi ya mwezi wa saba, wakati huu ungekuwa umeshaiacha kwenye kamba. Mvua ya vuli imenyesha mara mbili, zote za kuchafua tu, na malori huku Magongo yanarusha matope mpaka kwenye geti letu. Mambo ni yaleyale.

Lakini hakuna aliyekula hata kipande. Embe zimo kwenye lile bakuli lako la bati lenye maua yaliyobanduka, mezani, na sote tunazipita. Somo wako, binti yangu, amechukua moja, akainusa, akairudisha. Mwanao ameishika, akaiminya, akaiweka. Wakishamaliza wananiangalia mimi. Na mimi, mama, sina la kuwaambia. Tangu tukuzike sisikii kitu. Si huzuni, maana huzuni naijua. Ni kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia na hujui kama umefika chini.

Barua hii naiandika wazi, na wengine wataisoma, basi acha niwaeleze wasiotujua. Kwako wewe tunda la kwanza la msimu haliliwi ovyo. Sharti mama mkubwa wa nyumba alionje mbele ya watu, aseme neno, ndipo wengine watie mkono. Ndiko kulimbua. Kunde zilikuwa na siku yake, mahindi mabichi yalikuwa na siku yake, lakini embe ndizo zilizokuwa sikukuu yako. "Kanisani twampelekea Mungu malimbuko," ulikuwa ukisema, "na nyumbani je? Nyumba haina mwenyewe?" Mtu akila kabla hujalimbua ulimwita mwizi mpaka Krismasi.

Mwizi wa kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, nimetoka Kitui na begi moja na Kiswahili cha kubahatisha. Niliona embe barabarani, nikanunua, nikaingia nyumbani nikitafuna. Kwetu embe ni embe, ukiiona unakula.

"Watafuna nini?" ukaniuliza.

"Embe, mama."

"Embe! Nani kalimbua?"

Sikujua hata neno lenyewe. Nikakujibu, "Sijamwona." Mwanao alicheka mpaka akatoka nje. Wewe hukucheka. Ulinituma jikoni nimenye embe zote, nizikate, niponde pilipili, kisha ukaniketisha mkekani niwatazame wenzangu wakila. "Wewe ushakula yako," ukasema. "Kwenu Ukambani embe zaliwa hata na ng'ombe, nimesikia. Hapa ni kwangu." Nililia siku ile, mama. Nilijifungia chooni nikalia kwa kwikwi, mtu mzima, kwa sababu ya embe. Nataka ulikumbuke hilo, kwa sababu nitalirudia.

Mwaka uliofuata nilikuwa nishajua. Embe humenywa ganda lote, hukatwa vipande virefu mfano wa kidole, hutiwa pilipili mbichi iliyopondwa pamoja na chumvi, hukamuliwa ndimu, hufunikwa kwa sahani mpaka zitoe maji. Kazi yote ni ya mkaza mwana, na mkaza mwana haonji. Hapo ndipo uliponiumiza kichwa. Nitajuaje kama chumvi imetosha? "Utajua nikikwambia," ukasema.

Basi unaoga, unavaa leso mpya, unaketi kwenye kile kiti chako cha mbao kilicho kando ya mlango, hapo hapo kila mwaka, hutaki usogezwe hata kukiwa na jua. Nakuletea bakuli kwa mikono miwili. Unachukua kipande kimoja. Unatafuna taratibu, nyumba nzima imenyamaza, hata Bi Mwanaisha jirani amesimama ukutani kwake kungoja hukumu. Kisha unasema, "Chumvi haijakolea."

Narudi jikoni, naongeza, nakoroga, naleta tena. Unaonja. "Sasa," unasema. "Sasa ni embe."

Ikawa hivyo mwaka wa pili. Mwaka wa tatu nikatia chumvi nyingi tangu mwanzo, ukasema haijakolea. Mwaka wa nne nikazidisha mpaka mwanao alipokula alikunywa maji ya mtungi mzima, na wewe ulikuwa umesema haijakolea. Nikasema moyoni, ala! Huyu mama hatafuti chumvi, ananitafuta mimi.

Sasa nakuungamia. Mwaka wa tano nilirudi jikoni, nikashika mkebe wa chumvi, nikauweka chini bila kuufungua. Nikakoroga vilevile zilivyo, nikakuletea. Ukaonja, ukafumba macho. "Sasa. Sasa ni embe." Nilikimbilia jikoni nikajiziba mdomo kwa leso nicheke nisisikike. Nilifurahi, mama. Nilijiambia nimekushinda. Na tangu mwaka ule mpaka mwaka jana sikuongeza chumvi hata mara moja. Kila mwaka naushika mkebe, nauweka chini. Kila mwaka unasema "sasa". Miaka tisa nimekudanganya, na kila mwaka nilicheka.

Kuna jambo jingine nililoliona nikalipita. Somo wako alipokuwa na surua, nilikuwa sijalala siku mbili, nikakutilia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Nilikuja kugundua nilipoonja yangu, nikakimbilia barazani, nikakuta ushamaliza kikombe. "Mama, chai hiyo!" nikasema. Ukanitazama. "Asante mwanangu, ilikuwa nzuri." Nikadhani umenisitiri. Nikakupenda siku ile, kama nilikuwa sijakupenda bado.

Kisha presha ikakushika, daktari akakataza chumvi kabisa. Miezi minne nilikupikia mchicha mkavu, samaki wa kuchemsha, wali usio na kitu. Nilikuwa nikijiandaa kwa vita. Mtu aliyenisumbua kwa chumvi miaka yote hiyo atakubali vipi? Lakini ulikula kimya, ukarudisha sahani. Nikasema mama amekuwa mpole, ugonjwa humlainisha mtu.

Nilikuogesha, nilikugeuza, nilikukata kucha. Ulifariki mwezi wa saba, asubuhi, nikiwa nimeshika kikombe cha uji, na nilimaliza kukoroga ule uji kabla ya kumwita mwanao. Tulikupeleka Kaloleni ukalazwa karibu na baba. Watu walilia, mama, usifikiri hukuliliwa. Binti yako Kadzo alishikwa na wanawake wanne. Mimi nilikuwa nagawa sahani. Nilijua sahani ngapi zimetoka na ngapi hazijarudi. Nikajisukuma nilie, nikafikiria mambo ya kuliza, nikafikiria mikono yako. Hamna. Nililia kwa ajili ya embe, na wewe sikukulilia.

Kadzo aliliona hilo. Alisimama katikati ya watu, akaninyooshea kidole. "Mtazameni huyu mtu wa bara. Kaishi na mamangu miaka yote hiyo, na hana hata chozi!" Mimi nilikuwa na sahani mkononi, nikaenda kuiosha. Tangu siku hiyo wifi yangu hajakanyaga Magongo, na mimi sikumwita. Ningemwambia nini? Alisema kweli.

Basi msimu ukaingia. Wajua kwamba mimi huweka meza yangu pale getini alasiri, viazi karai, achari, na vuli ikija embe za pilipili. Watoto wa shule wakaanza kuuliza, "Mama Somo, embe lini?" Nikasema kesho. Madereva wa malori wakauliza, nikasema kesho. Mwisho Bi Mwanaisha akaniita ukutani. "Wallahi Mama Somo, Magongo nzima yala embe isipokuwa nyumba yenu. Kwani mwangoja nini?"

"Hazijalimbuliwa," nikamwambia.

"Si ulimbue?"

Nikajifunga leso upya. Yeye akaniambia shika Mungu, akaingia ndani.

Embe za kwanza ziliniivia bakulini. Ungenitukana. Ziligeuka manjano, zikawa laini, nikawapa mbuzi wa jirani. Nikanunua nyingine. Mwanao aliporudi kutoka bandarini akazikuta ziko vilevile, akaketi, akavua viatu vyake vizito. "Mama Somo," akasema, "limbua, watoto wapate kula. Mkubwa wa nyumba ni wewe."

"Mimi mtu wa kuja."

"Miaka kumi na minne bado wewe wa kuja?"

"Sikumlilia mamako. Nitakaaje kitini pake?"

Mwanao akikosa la kusema hukagua viatu, wamjua. Akakagua soli ya kushoto, akakagua ya kulia.

Ndipo nikaamua kwenda Bofu. Nilitia embe sita kwenye mfuko, nikavuka feri, nikaenda kwa Kadzo mchana kweupe bila kumpigia simu, maana ningempigia angesema hayupo. Nilipiga hodi, akaitikia karibu kwa sauti nzuri. Aliponiona, sauti ikaisha. Lakini alinipa kiti. Ulimlea vizuri.

"Nimekuletea embe," nikamwambia. "Njoo utulimbulie. Wewe ndiwe mkubwa sasa."

"Mimi?" akasema. "Mimi nimeolewa. Nimeshalimbua zangu hapa tangu wiki iliyopita, wanangu wanaharisha kwa embe. Nyumba ya Magongo ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mtu wa bara asiye na chozi?"

Nilisema kwa hasira, mama, na nilishangaa kuisikia. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kusikia kitu tangu mwezi wa saba, ikapita. Kadzo akaketi chini, mkekani, akaanza kuvuta uzi uliochomoza kwenye leso yake.

"Neno lile," akasema, "nilishalisema kabla yako."

"Kwa nani?"

"Kwa mama. Baba alipofariki. Mimi nilikuwa msichana, ndugu yangu bado mdogo. Mama aliketi pale uani achambua mchele wa wageni, macho makavu. Nikasimama mbele ya watu nikamwambia, mama, wewe huna hata chozi? Nilimnunia mwaka mzima. Hata salamu nilikuwa namwamkia nikitazama ukuta."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Kisha siku moja tuko jikoni, kasema bila kuulizwa. Kadzo, tangu babako aende, kila nitiacho mdomoni ni karatasi. Sukari, chumvi, pilipili, vyote kimoja. Hata kulia, kasema, siisikii njia yake."

Nikamwuliza, "Akapona lini?"

Kadzo akaniangalia. "Nani kakwambia alipona?"

Nilikaa pale, mama. Ikanijia ile chai ya chumvi uliyoimaliza. Ukanijia ule mchicha mkavu wa miezi minne. Ikanijia miaka yangu tisa ya kuficha kicheko kwenye leso, nikidhani nimemshinda mtu. Baba alifariki kabla sijaolewa. Hukuwahi kuonja kitu kutoka mkononi mwangu, hata siku moja.

"Basi miaka yote hiyo alikuwa akionja nini?" nikauliza.

"Hakuwa akionja. Alikuwa akilimbua."

"Na chumvi haijakolea?"

Hapo Kadzo akacheka, kidogo, akajifuta pua. "Si lazima aseme neno? Akisema imekolea kumbe haijakolea, ni aibu. Akisema haijakolea, wewe waongeza kidole cha chumvi, mambo yaisha, watu wala embe zao."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekwambia, ungeendelea kumletea bakuli?"

Nilifikiri. Nisingeendelea. Ningesema mama anaumwa, tusimsumbue, ningempa mwingine alimbue. Ningekutendea wema, na ningekuondoa kitini pako.

Kadzo alinisindikiza mpaka karibu na feri, amebeba ule mfuko wa embe sita kana kwamba mimi mgonjwa. Tulipoagana akasema, "Neno langu la Kaloleni nalirudisha. Lilikuwa si lako. Nisamehe, wifi." Nikamwambia nimesamehe. Sijui kama nilisikia msamaha huo, lakini niliusema, na nilijua kuwa ni kweli. Nikamwambia Jumamosi aje kula.

Alikuja. Alikuja na watoto wake wote. Embe ziliandaliwa na somo wako. Ana miaka kumi na mitatu sasa, kisu amekijua, na mimi sikuingia jikoni hata mara moja. Alinijia mlangoni akauliza, "Mama, nionje chumvi?" Nikamwambia mpishi haonji. "Nitajuaje?" "Utajua nikikwambia." Akaguna kama nilivyokuwa nikiguna mimi.

Nilioga. Nilivaa ile leso uliyoninunulia ukasema rangi yake inanifaa ingawa mimi mweusi wa bara. Nikaenda kwenye kiti chako kando ya mlango. Mama, nilikaa juu ya kiti kile kama mtu anayekaa juu ya yai. Mwanao aliinama, akashughulika na kamba za viatu. Bi Mwanaisha alikuwa ukutani kwake. Mtoto akaja na bakuli kwa mikono miwili, uso ameukunja kwa kutisha.

Nikachukua kipande kimoja, nikatafuna. Kilikuwa kigumu, kikalia menoni, maji yakanijaa mdomoni. Basi. Nilingoja chumvi, nikangoja ndimu. Pilipili iliniwasha midomo, lakini ilikuwa moto tu, haina embe ndani yake. Karatasi. Nilijua hapo ulichokuwa ukitafuna.

Walikuwa wananitazama wote. Watoto wa Kadzo wanameza mate. Nikaona kwamba sina haja ya kusikia kitu ili hawa wapate kula.

"Chumvi haijakolea," nikasema.

Kadzo akaweka mkono mdomoni. Mtoto akabeba bakuli lake, akarudi jikoni kwa hasira za chinichini. Mimi nikabaki kitini, na kwa kuwa sikuwa na pa kutazama nikatazama mbele yangu, ndani ya mlango. Nikamwona. Aliuchukua mkebe wa chumvi. Akaushika. Akageuza macho kidogo, asinione namwona. Akauweka chini bila kuufungua, akakoroga.

Kumbe kutoka kitini pako, mama, jikoni kote kunaonekana.

Uliniona. Miaka tisa uliketi hapo ukiniona nikishika mkebe na kuuweka, ukiniona nikijiziba leso nicheke. Na kila mara nilipokuletea bakuli ulifumba macho, ukatafuna karatasi yako, ukanipa neno langu.

Somo wako akaja, macho yake yamejaa kicheko anachokificha vibaya sana. Nikachukua kipande cha pili. Nikafumba macho.

"Sasa," nikasema. "Sasa ni embe."

Wakala. Kadzo alikula akilia, mwanao alikula akanywa maji, watoto walipigania maji ya pilipili yaliyobaki chini ya bakuli. Bi Mwanaisha alipitishiwa yake juu ya ukuta. Jikoni nilimsikia mtu anacheka peke yake. Mimi sikulia, mama, na sikudanganyi kwamba nimeanza kusikia ladha. Bado. Jumatatu niliweka meza getini, na embe zilikwisha kabla ya viazi.

Kiti chako sijakisogeza. Hata jua likija, sitakisogeza.

Pumzika huko Kaloleni na baba. Msimu wako umefunguliwa, usiwe na wasiwasi nao.

Ni mimi mkaza mwana wako, yule mwizi wa embe,
Mama Somo